Nondo za skrepa kwenye ghorofa: fundi anazikataa, mwanangu anazisifu

"Mhandisi, hongera kwa kazi. Ninajenga nyumba ya ghorofa moja Kigamboni, si mbali na bahari. Msingi umekwisha, nguzo zimepanda, na sasa nanunua nondo za slabu ya juu. Fundi wangu anasema nondo za hapa nchini ni za skrepa, na kwamba chuma kikishayeyushwa mara mbili tatu kinachoka, kwa hiyo ninunue za Uturuki hata kama ni ghali. Mwanangu aliye chuo anasema nisimsikilize, chuma kilichorejelezwa ndicho kinachookoa mazingira. Katikati ya mabishano hayo, jirani ananiuzia nondo zilizotolewa kwenye jengo lililobomolewa, nusu bei. Si zote hizo ni skrepa tu? Nimfuate nani? Sitaki nyumba iniangukie, na sitaki kutupa hela."

Mama, pole na mabishano, na hongera kwa kufika kwenye slabu. Hofu yako ni ya haki. Ila naona watu watatu wamekujibu maswali matatu tofauti, na yote yakaitwa skrepa. Kuna swali la kama nondo iliyotengenezwa kwa chuma chakavu ina nguvu. Kuna swali la kama ina faida kwa mazingira. Na kuna swali la kama nondo kuukuu iliyong'olewa kwenye zege inaweza kurudi kazini kama ilivyo. La kwanza jibu lake ni ndiyo, kwa masharti. La pili ni ndiyo, ingawa si kwa namna anayodhani kijana wako. La tatu, kwa slabu yako, ni hapana.

Nianze na Uturuki, maana hapo fundi amejifunga mwenyewe. Uturuki ndiyo nchi inayoagiza chuma chakavu kingi kuliko zote duniani, kama tani milioni 20 kwa mwaka, kutoka Ulaya, Marekani na kwingineko, na takribani asilimia 70 ya chuma chake hutoka kwenye matanuru ya umeme yanayolishwa chakavu hicho. Anayesifu nondo ya Uturuki anasifu skrepa. Marekani nako uwiano ni karibu huohuo, na mihimili ya chuma inayobeba majengo marefu ya huko hutengenezwa karibu yote kwa magari, mashine za kufulia na madaraja yaliyokwisha kazi. Mhandisi wa huko anadai karatasi ya vipimo. Ukoo wa chuma haumnyimi usingizi.

Na je, chuma huchoka? Huchoka kikiwa kigumu, kikilemewa na kuachiwa mara maelfu, kama inavyotokea kwa ekseli ya basi. Kikiingia tanuruni na kufika nyuzi 1,600 za Selsiasi, fuwele zake zote huvunjika, na kinapoganda huunda nyingine mpya kabisa. Kiyeyushwe mara moja au mara kumi, kwa upande huo hakuna tofauti. Kinachovuka kutoka maisha ya zamani kwenda mapya ni kemia, yaani vile vitu vilivyoingia tanuruni vikiwa vimeshikamana na chuma. Hapo ndipo ilipo hoja ya kweli ambayo fundi wako ameisikia nusunusu.

Mkosaji mkubwa ni shaba, ile wauza skrepa wanayoiita kopa. Gari likikatwakatwa na kutupwa tanuruni pamoja na mota zake na nyaya zake, shaba inayeyuka na kuchanganyika na chuma. Uchafu mwingine, kama silikoni na manganizi, unaondoka kwa kupuliziwa oksijeni, kwa sababu unashika oksijeni upesi kuliko chuma, unageuka takataka inayoelea juu, na takataka hiyo inaenguliwa. Shaba haifanyi hivyo. Chuma ndicho kinachoshika oksijeni kabla yake, kwa hiyo ukipuliza mpaka shaba iondoke utakuwa umeunguza chuma chote. Ni chumvi iliyozidi kwenye mchuzi: huitoi, unaongeza maji tu, na maji hapa ni chuma safi zaidi.

Madhara ya shaba yanaonekana pale kipande kinapopashwa moto kiviringishwe kuwa nondo. Joto likipita nyuzi 1,100, chuma cha juu kinaliwa na hewa, shaba inabaki nyuma na kujikusanya, inayeyuka, kisha inapenya katikati ya fuwele na kupasua ngozi ya chuma. Madini ya bati yakiwamo, hali inakuwa mbaya zaidi. Lakini kiwango kinachovumilika hutegemea kazi. Karatasi laini ya chuma ya kukandamizwa kuwa mwili wa gari inataka shaba isizidi kama asilimia 0.06. Nondo huvumilia hadi karibu asilimia 0.4. Ndiyo maana duniani kote chakavu kichafu huishia kwenye nondo na kile kisafi hutunzwa kwa ajili ya viwanda vya magari. Kwa mjenzi wa nyumba hilo si tusi, kwa sababu nondo ilibuniwa kwa kazi isiyo na madeko. Kwa watengenezaji wa magari na friji ni kizingiti halisi, na watafiti wa chuma wanaonya kwamba miongo michache ijayo dunia inaweza kuwa na chakavu chenye shaba kingi kuliko nondo zinazohitajika kukimeza.

Hapa kwetu, kwa jambo hili, tuna bahati ya ajabu kidogo. Vijana wanaochambua vyuma kwa nyundo na patasi huitoa shaba kwanza, kwa kuwa kilo ya shaba ina bei mara nyingi kuliko kilo ya chuma. Mota haifiki kwenye mizani ya skrepa ikiwa nzima. Kwa hiyo mikono yao hufanya kazi ambayo mashine za kusaga magari za Ulaya hushindwa kuimaliza. Ningewasifu zaidi kama wasingechoma nyaya kando ya nyumba za watu, maana moshi wa plastiki ile ni sumu kwao na kwa watoto wanaocheza hapo.

Tatizo la pili ni fosforasi na salfa, na hili ndilo ningelichunga zaidi kwa nondo za ukanda wetu. Zikizidi, chuma kinakuwa kikavu: kinabeba mzigo vizuri mpaka siku kinapokatika ghafla bila kupinda. Tanuru kubwa linaloyeyusha kwa cheche kubwa ya umeme, lenye chokaa na oksijeni, linaweza kuzipunguza. Viwanda vingi vidogo vya Afrika Mashariki hutumia tanuru la induksheni, linalopasha chuma kwa sumaku ya umeme, ambalo lina bei nafuu na huyeyusha haraka, ila kazi yake ni kuyeyusha zaidi kuliko kusafisha. Kilichoingia ndicho kinachotoka, karibu hivyo. China iliamua mwaka 2017 kufunga viwanda vya induksheni vilivyokuwa vikifyatua nondo duni kutokana na chakavu kisichochambuliwa, na uwezo uliozimwa ulizidi tani milioni 100 kwa mwaka.

Usielewe kwamba kila nondo ya induksheni ni mbovu. Kiwanda kinachochambua chakavu mlangoni, kinachochota sampuli ya chuma kioevu na kuipima kwa spektromita, mashine inayosoma kemia ya chuma, kabla ya kumimina, na kinachorekebisha kaboni na manganizi kwa vipimo, kinatoa nondo nzuri kabisa. Kiwanda kinachotupa ndani chochote kilicholetwa na lori kinacheza bahati nasibu, na tiketi unanunua wewe. Uchambuzi huo wa mlangoni ni pamoja na kuzuia mitungi iliyofungwa, ambayo hulipuka tanuruni na kuua wafanyakazi, na pia vyanzo vya mionzi. Mwaka 1983 huko Ciudad Juárez, Mexico, mashine ya hospitali ya kutibu saratani yenye kobalti-60 iliuzwa kama skrepa. Ikayeyushwa, ikawa nondo, na watu wakajenga nazo. Mambo yaligunduliwa Januari 1984 pale lori lililobeba nondo lilipopita karibu na maabara ya Los Alamos kule Marekani na kuamsha kengele za mionzi. Mamia ya nyumba yalibomolewa. Sikutishi, visa vya namna hiyo ni nadra sana. Nakueleza kwa nini kipima mionzi kwenye geti la kiwanda si anasa.

Baada ya kemia kuna viringisho na maji. Nondo nyingi za kisasa za daraja la 500 hupita kwenye maji ya kasi zikiwa bado nyekundu. Ngozi ya nje inapoa ghafla na kuwa ngumu, joto la ndani linarudi kuilainisha kiasi, na kiini kinapoa polepole kikibaki chenye kunyumbulika. Nguvu nyingi ya nondo inatoka hapo. Namba 500 maana yake nondo inavumilia mvuto wa nyutoni 500 kwa kila milimita ya mraba kabla haijaanza kurefuka bila kurudi. Iwe imetokana na chakavu au na mawe ya chuma yaliyochimbwa ardhini, mashine ya maji ikiwa mbovu nondo ni mbovu.

Sasa nikwambie wizi ninaouogopa kuliko yote haya, na ambao hauhusiani hata kidogo na urejelezaji: nondo nyembamba. Inaitwa milimita 12, ukiipima ni 10.5. Macho hayaoni tofauti hiyo, lakini eneo la chuma linapungua kwa karibu asilimia 23, na slabu iliyopigiwa hesabu kwa nondo kumi imewekewa chini ya nane. Nondo za namna hiyo zipo za ndani na zipo za nje. Dawa yake ni mizani. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa kuwa kilo 10.7 hivi, ya 10 kilo 7.4, ya 16 karibu kilo 19. Kiwango cha Uingereza cha BS 4449, ambacho wahandisi wengi bado wanakitumia, kinaruhusu pungufu ya asilimia 4.5 kwa saizi hizo, basi ile ya 12 isishuke chini ya kilo 10.2. Ile ya 10.5 iliyojificha itasoma kama kilo 8.2. Pima urefu pia, maana wengine hukata nusu mita, na pima nondo kumi kwa pamoja ili mizani ya dukani isikudanganye.

Zile za jirani yako ziache, kwa slabu. Nondo ya zamani huijui daraja. Majengo mengi ya miaka ya nyuma yalitumia nondo laini zisizo na matuta, zenye nguvu kama nusu ya za sasa, wakati michoro yako bila shaka imepigiwa hesabu kwa daraja kubwa. Zaidi ya hapo, kuing'oa kunaipinda na kuinyoosha kunaipinda mara ya pili. Kila mkunjo unaifanya pale ilipokunjwa kuwa ngumu na kavu, na nyufa ndogo huanza kwenye mizizi ya matuta ya nondo, mahali usipoweza kuona. Nyufa hizo hazitibiwi ila kwa kuyeyusha. Kwa nguzo za uzio au banda la kuku hazina neno. Mihimili mikubwa ya H na kenchi za chuma ni kesi tofauti: zikikaguliwa na kupimwa hutumika tena zikiwa nzima, na kwa mazingira hakuna njia bora kuliko hiyo, kwa sababu hakuna kuyeyusha.

Nije kwa kijana wako, ambaye ana hoja nzuri. Kazi ngumu ya kutengeneza chuma kutoka kwenye mawe si kuyeyusha. Ni kung'oa oksijeni iliyoshikana na chuma ardhini. Tanuru la makaa hufanya hivyo kwa kuipa kaboni oksijeni hiyo, na zao lake ni kaboni dayoksaidi, kwa hiyo hata ungekuwa na moto usio na moshi gesi ile ingetoka tu. Chakavu kimeshang'olewa oksijeni zamani, kinabaki kuyeyushwa. Kwa wastani wa dunia, tani moja ya chuma cha mawe hutoa kama tani 2.3 za kaboni dayoksaidi, na ya chakavu kwenye tanuru la umeme kama tani 0.7. Kila tani ya chakavu inaacha ardhini karibu tani 1.4 za mawe ya chuma na kilo 740 za makaa ya mawe. Sekta ya chuma inachangia takribani asilimia 7 ya kaboni dayoksaidi inayotokana na shughuli za binadamu, basi hilo si jambo dogo.

Hiyo 0.7 nayo hutegemea umeme. Kenya, ambako karibu asilimia 90 ya umeme hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, tanuru la skrepa lina hewa safi kuliko lile linalolishwa umeme wa makaa ya mawe. Kwetu Tanzania gesi ilibeba sehemu kubwa kwa miaka, na tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ianze kuwashwa mwaka 2024, mizani imeegemea upande wa maji.

Anapokosea kijana ni kudhani kwamba wewe ukinunua nondo za skrepa unaongeza urejelezaji duniani. Dunia hutengeneza karibu tani bilioni 1.9 za chuma kwa mwaka, na chakavu kinachopatikana kinatosha kama theluthi moja tu. Hakikosi mnunuzi. Usipokichukua wewe, kinapanda meli kwenda kwingine. Chuma kilichomo kwenye jengo kinakaa humo miaka 50 au zaidi kabla hakijawa skrepa, na nchi zinazojenga kwa kasi kama zetu hazijabomoa vya kutosha kulisha matanuru yao. Ndiyo maana viwanda vyetu huagiza pia vipande vya chuma kutoka nje vya kuviringishwa, na ndiyo maana chuma kilichomo ardhini Liganga, mkoani Njombe, kinazungumzwa kila bajeti. Uhaba huo una uso mwingine mbaya. Januari 2022 nguzo za umeme mkubwa zilianguka Kenya, nchi ikaingia gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa kuwa nguzo zilikuwa zimehujumiwa. Marufuku iliondolewa Mei, ikiambatana na kanuni mpya za leseni. Skrepa ya reli na vifuniko vya mitaro ni urejelezaji ambao hakuna hesabu ya kaboni itakayousafisha.

Kwa nyumba yako, tuseme nondo tani 3. Tofauti kati ya njia mbili ni kama tani 5 za kaboni dayoksaidi. Saruji mifuko 400 pekee ni tani 20, na kila tani ya saruji inatoa kama kilo 600, jumla tani 12. Ukitaka kupunguza mzigo kwa dunia na kwa mfuko wako, lipia michoro ya mhandisi ili usirundike chuma na zege kwa woga. Mafundi wengi huweka nondo nyingi mno katikati ya slabu na kuzipunguza juu ya nguzo, ambako nako zinahitajika sana.

Halafu kuna bahari, na kwa Kigamboni hii inazidi mjadala wote wa skrepa. Zege nzuri ina ukali wa kialkali unaoilinda nondo. Chumvi ikipenya mpaka ilipo, kinga inavunjika, kutu inavimba mara mbili na zaidi ya chuma kilicholiwa, na slabu inaanza kumeguka vipande. Nondo ya mawe na ya skrepa hapo ni ndugu. Usikubali mchanga wa ufukweni. Sehemu zinazopigwa na upepo wa bahari, kama ukingo wa slabu, nguzo za nje na baraza, ziwe na zege la kufunika nondo la milimita 40 hadi 50, likishikiliwa na vipande vya zege na si vijiwe vya kokoto. Mwagilia maji siku saba angalau. Ukungu mwekundu wa kutu kwenye nondo mpya usikutishe. Kutu inayobanduka kwa magamba ikatae.

Kwa hiyo ningenunua nondo za ndani za kiwanda kinachogonga jina lake na daraja kwenye nondo yenyewe, chenye alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na ningeomba cheti cha vipimo chenye namba ya myeyusho, yaani ya chuma kilichomiminwa pamoja, inayolingana na lebo ya mzigo. Muuzaji akijibu kwamba cheti hakina maana, nenda duka jingine. Za Uturuki zikija na karatasi hizohizo na bei inakuridhisha, ni sawa pia.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Slabu ya juu na baraza inayoning'inia vinahitaji mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje mwenyewe ahesabu nondo kabla zege halijamwagwa, si baada ya hapo. Mwambie achukue vipande vitatu vya mita moja kwa kila saizi, avipeleke maabara ya vifaa ya chuo kikuu au TBS, vivutwe na vikunjwe. Gharama yake haifiki hata bei ya kung'oa nguzo moja. Na fundi akikunja ringi halafu nondo ipasuke kwenye kona au ikatike, simamisha kazi siku hiyohiyo, usibadilishiwe hiyo moja tu: weka kando mzigo wote wenye lebo ile mpaka majibu ya maabara yatoke.